Mbwa wa kwa tate si mujinga: sauti za wanyama katika lugha za watu



Juma hili tunataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kinachoonekana kuwa mchezo tu wa watoto: namna watu wanavyoiga sauti za wanyama. Tunakileta mbele yenu kwa sababu sisi wenyewe tulikosea ndani yake, na kosa lile lilitufundisha kuliko madaftari mengi tuliyojaza kwenye chuo cha ualimu.

Ilikuwa mwezi wa kumi, katika darasa ya kwanza ya msingi. Watoto walikuwa 54, wanne wanne kwenye kila benchi. Ukutani tulibandika picha za wanyama wa nyumbani, na chini ya kila picha jina lake kwa Kifaransa. Tukauliza: “Mbwa analia namna gani?” Wale waliopita maternele wakajibu kwa nguvu: “Ouaf, ouaf!” Lakini msichana mmoja wa benchi ya nyuma, aliyefika mjini na mama yake miezi michache mbele ya hapo wakikimbia vita, alisimama akasema: “Madamu, imbwa ya kwa tate inalia hoo, hoo, hoo.” Alivuta sauti ile kutoka kooni, kama mbwa anayelia usiku mlimani.

Darasa nzima ikacheka. Nasi, badala ya kumsaidia, tulimwambia: “Hapana. Mbwa analia ouaf, ouaf. Rudilia.” Hakurudilia. Alikaa chini, na kuanzia siku ile mpaka karibu na Noeli hakunyoosha kidole tena.

Siku ya kutoa buletini mama yake alikuja kutuona. Hakuja na hasira. Alisema tu: “Madamu, mtoto ananiuliza kila mara: imbwa ya kwa tate ilikuwa mujinga? Haikujua kulia?” Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: “Ile imbwa ilibakia kule. Na tate naye alibakia kule.”

Siku hiyo tulirudi nyumbani bila hamu ya kula.

Nani alimfundisha mbwa Kifaransa?

Wakati wa likizo tulifungua tena makaratasi yetu ya chuo. Kulikuwa na somo tulilolikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau kesho yake. Linatoka kwa mwalimu mmoja wa Geneva, Ferdinand de Saussure, ambaye kitabu cha mafundisho yake kilitoka mwaka 1916, yeye akiwa amekwisha kufa. Alifundisha kwamba maneno ya lugha ni mapatano ya watu. Hakuna kitu ndani ya mti kinachotulazimisha tuuite “mti”. Wafaransa wanauita “arbre”, na mti haukasiriki. Kisha akajiuliza: na maneno yanayoiga sauti, kama ya mbwa? Hayo nayo si yanatoka moja kwa moja kwa mbwa mwenyewe? Akajibu kwamba hata hayo yanaingia nusu katika mapatano, kwa maana Mfaransa na Mjerumani hawaandiki mlio wa mbwa kwa namna moja.

Tulianza kutafuta, na tulishangaa. Tuanze na huyo mbwa. Mfaransa anasema “ouaf ouaf” ao “ouah ouah”. Mwingereza anasema “woof woof” ao “bow-wow”. Mjerumani: “wau wau”. Mwitalia: “bau bau”. Mreno, ambaye lugha yake inasemwa kwa jirani zetu wa Angola: “au au”. Mrusi: “gav gav”. Mturuki: “hav hav”. Mjapani: “wan wan”. Mchina: “wang wang”. Mkorea: “mong mong”. Na sisi Waswahili tunasema mbwa anabweka, na ukisikiliza vizuri neno lenyewe, limemeza sauti ya mbwa: bwe, bwe, bwe.

Basi nani kati ya hao anakosea? Hakuna. Mbwa ni yuleyule; masikio na vinywa ndivyo mbalimbali.

Tuje kwa jogoo. Mfaransa: “cocorico”, ambayo inakaribiana sana na “kokoriko” ya kwetu. Mjerumani: “kikeriki”. Mhispania: “kikiriki”. Mholanzi: “kukeleku”. Mrusi: “kukareku”. Mwindonesia: “kukuruyuk”. Mjapani: “kokekoko”. Mkorea: “kokio”. Mwingereza peke yake anatoka na jambo refu, “cock-a-doodle-doo”. Lakini angalieni ile K: iko karibu kila mahali. Jogoo anaanza kuwika kwa kukata sauti kwa ghafula, na vinywa vya watu wa mabara yote vimesikia huko mkato wa K. Hata jina la “kuku” lina mlio wake ndani.

Ng'ombe anawapatanisha watu zaidi. Mfaransa anasema “meuh”, Mwingereza “moo”, Mjapani “mo”, Mkorea “um-mee”. M hiyo inatoka wapi? Fungeni midomo na kupitisha sauti puani: itatoka M tu. Paka naye ana marafiki wengi: “miaou” kwa Wafaransa, “miau” kwa Wajerumani na Wahispania, “miao” kwa Wachina, “nya” kwa Wajapani, “nyau” kwa Waswahili.

Wanaogombanisha watu kabisa ni bata, nguruwe na chura. Bata wa Mfaransa anasema “coin coin”, wa Mwingereza “quack quack”, wa Mrusi “krya krya”, wa Mjapani “ga ga”. Nguruwe wa Mfaransa anasema “groin groin”, wa Mwingereza “oink oink”, wa Mrusi “hryu hryu”, wa Mjapani “bu bu”. Na juu ya chura, Mfaransa anasema “coâ coâ”, Mwingereza “ribbit”, Mjapani “kero kero”. Lakini tusiwalaumu watu kwa chura: aina za vyura ni nyingi, na kila moja ina wimbo wake. Anayekaa kando ya bwawa anajua.

Swali la mama wa mchele

Tulipoyasimulia hayo katika mkutano wa kikundi, mama mmoja anayeuza mchele sokoni alitukatiza. “Mwalimu,” alisema, “mimi kila siku ninafungua magunia ya mchele wa Thailand. Watoto wangu wamekula kwa mchele ule, wamesoma kwa mchele ule. Na hawa watu wanaotulimia, jogoo wao anawika namna gani?”

Wamama wakacheka, lakini swali lilikuwa zuri. Tulikwenda kutafuta, na juma lililofuata tulirudi na jibu.

Thailand iko Asia, upande wa mashariki wa Uhindi. Watu wake wanasema Kithai na wanakiandika kwa herufi zao wenyewe, zile za mviringo mnazoziona juu ya magunia. Jogoo wa Kithai anawika hivi: “ek-i-ek-ek!” Mbwa wake analia “hong hong”, ng ya mwisho isomeke puani kama ile ya “ng'ombe”. Wengine wanamwigiza kwa kusema “bok bok”. Bata wa Kithai anasema “kaap kaap”. Nguruwe: “uut uut”. Chura: “op op”. Kifaranga: “jiap jiap”. Ng'ombe anasema “mo”, kama ndugu zake wa dunia nzima. Paka analia “miao”, na jina lake lenyewe kwa Kithai ni “maeo”: wanamwita kwa mlio wake. Ndivyo ilivyo kwa kunguru pia: kwa Kithai jina lake ni “ka”, na kila aliyewahi kusikia kunguru anajua sababu.

Kuko mjusi mkubwa wa huko anayeingia nyumbani, anapanda ukutani na kulia usiku kwa sauti ya nguvu: “tuk-ke! tuk-ke!” Basi watu wa Thailand wanamwita “tukke”. Mtu hahitaji kamusi.

Na mnajua vile vigari vya magurudumu matatu vinavyobeba abiria katika miji ya Thailand? Vinaitwa “tuk-tuk”, kwa sauti ya mashine yao. Mama wa mchele alipiga makofi hapo: “Lakini hiyo ni tukutuku ya kwetu!” Kweli. Kwetu wako watu wanaoita moto “tukutuku”, na Waswahili wa mahali pengine wanasema “pikipiki”. Mthai na Mkongomani hawajawahi kuketi pamoja kupanga jambo hilo. Kila mmoja alisikiliza mashine, akaipa jina kwa kinywa chake.

Sababu ni kinywa

Sasa fanyeni jaribio hili hapo mlipo. Semeni “kaap”, kisha fungeni midomo na kuiacha imefungwa. Msiongeze kitu. Ni vigumu, sivyo? Kinywa cha Mswahili kinataka kumalizia kwa kufungua: “kaapu”. Ndivyo tulivyofanya kwa maneno ya wageni: Waarabu walituletea “kitab”, tukasema “kitabu”, wengine wakaleta “bus”, tukasema “basi”. Neno la Kiswahili linapenda kufunga safari yake kwa a, e, i, o ao u.

Kithai hakiko hivyo. Maneno yake mengi yanaishia kwa P, T ao K, na pumzi inakatwa hapohapo, kama mtu anayefunga mlango bila kuufungua tena. Ndiyo maana bata wao anasema “kaap”, chura “op”, nguruwe “uut”, na jogoo anamalizia kwa “ek”. Tena Kithai kina sauti tano za kupanda na kushuka: neno likisemwa juu lina maana moja, likisemwa chini lina maana nyingine. Wamama wanaosema Mashi ao Kilingala hawatashangaa, kwa sababu lugha hizo nazo zina sauti ya juu na ya chini. Kwa hiyo Mthai anapoiga bata, anaweza pia kupandisha sauti pale bata anapopandisha.

Mjapani naye hapendi kufunga neno kwa herufi kali. Basi chura wake ni “kero kero”. Mfaransa ana sauti za puani. Basi bata wake ni “coin coin”. Kila taifa linachukua mlio wa mnyama na kuushona kwa kitambaa kilichopo nyumbani.

Sisi watu wa lugha za kibantu tuna kitambaa kingi sana cha namna hiyo. Angalieni jinsi mama anavyosimulia: mtoto amelala fofofo, nguo ni nyeupe pe, jiwe limeanguka majini chubwi, amelowa chapachapa, wote wamenyamaza ji. Mtaalamu mmoja wa Afrika ya Kusini, Clement Doke, aliandika mwaka 1935 juu ya maneno hayo na kuyapa jina lao la kitaalamu, kwa maana aliona lugha za kibantu zina utajiri huo, na lazima yahesabiwe kuwa aina ya maneno peke yake. Tate zetu hawakungoja jina hilo. Walikuwa wakiyatumia kila jioni kando ya moto.

Mtoto mchanga anasikia kila kitu

Hapa tunafika kwa jambo linalotugusa sisi wamama. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Kanada, Janet Werker na Richard Tees, walionyesha jambo la ajabu. Watoto wachanga wa nyumba za Kiingereza, wenye miezi 6 mpaka 8, waliweza kutofautisha sauti za Kihindi na za lugha moja ya wenyeji wa Kanada, sauti ambazo watu wazima wa Kiingereza hawakuweza kuzitofautisha vizuri. Lakini walipofika miezi 10 mpaka 12, karibu wote walikuwa wamepoteza uwezo huo.

Maana yake ni nini? Mtoto anazaliwa na sikio lililo wazi kwa lugha za dunia yote. Kisha, katika mwaka wake wa kwanza, sikio hilo linaanza kuchagua: linashika sauti linazozisikia kila siku, na zile lisizozisikia linaziacha. Mtoto wenu wa miezi 7 angeweza kuwa mtoto wa Thailand, wa Bukavu, wa Ufaransa. Ninyi ndio mnaomfanya awe mtu wa mahali, kwa kuzungumza naye.

Wako wamama wanaotuambia: “Mwalimu, sisemi Kilega na mtoto wangu, sitaki kimuharibie Kifaransa.” Tunawaelewa. Kifaransa ni lugha ya serikali na ya mitihani, na tunakifundisha kwa moyo wote. Lakini lugha moja haifukuzi nyingine kichwani mwa mtoto kama mgeni anavyomfukuza mwenyeji kitandani. Sheria ya mwaka 2014 juu ya elimu ya taifa letu inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike katika kufundisha. Mtoto anayejua kwamba mbwa wa tate analia “hoo” na mbwa wa kitabu analia “ouaf” amekwisha kujifunza jambo kubwa: kitu ni kimoja, na majina yake ni mengi. Mtoto wa namna hiyo hataogopa lugha ya tatu.

La kufanya nyumbani

Mchezo huu hauombi makuta.

Kwa mtoto wa miezi michache, mwangalieni usoni na kumwigia sauti: kuku, mbuzi, paka. Mwache naye ajibu, hata kama jibu ni “mmm” ao “ba ba”. Sauti za midomo, M na B na P, ni kati ya zile za kwanza anazoweza. Ndiyo maana “mama”, “baba” na “papa” yanafanana katika nchi nyingi.

Kwa mtoto wa miaka miwili ao mitatu, muulizeni mkiwa njiani: “Nani analia hivyo?” Ajibu kwa lugha ya nyumbani kwanza.

Kwa mtoto wa darasa, mtumeni kwa wazee: “Nenda ukamuulize tate, kwao chura analia namna gani?” Mzee atacheka, ataiga, na baada ya kuiga ataanza hadithi. Hapo mtoto amepata zaidi ya sauti.

Tena mchezo huu unaweza kuwaonya mapema. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa kutoka nyuma, asiyeshtuka mlango ukipigwa, wala kujaribu sauti yoyote, apelekwe kwenye kituo cha afya apimwe masikio. Hasa kama aliugua ule ugonjwa unaoitwa meninjite, kwa maana unaweza kuharibu kusikia. Msingoje mpaka majirani waseme ni mtoto mpole.

Hoo, hoo

Likizo ilipokwisha, tulirudi darasani na kuwaambia watoto ukweli: “Mbele ya Noeli Madamu alikosea.” Macho yote yakafunguka, hawakuzoea kusikia hivyo. Tuliwapa kazi: kila mmoja aulize nyumbani kwao wanaigaje mbwa, jogoo, bata na chura. Kesho yake ubao ulijaa. Watoto wa Mashi, wa Kihavu, wa Kilega, wa Kifuliiru, kila mmoja na wake, na hata ndugu wa nyumba moja hawakupatana juu ya bata. Juu kabisa ya mstari wa mbwa tuliandika “hoo, hoo”. Yule msichana aliangalia ubao bila kusema neno.

Kisha juma la swali la mama wa mchele likafika, nasi tukawaletea watoto pia habari za Thailand. Tulipofika kwa mbwa, tuliiga: “hong, hong, hong.” Benchi ya nyuma ikatikisika. Alikuwa amesimama, kidole juu, bila kungoja kuitwa:

“Madamu! Inalia kama ya kwa tate!”

Safari hii hakuna aliyecheka. Mvulana wa mbele alimgeukia na kumuuliza aige tena, ajifunze. Akaiga. Darasa nzima ikamfuata, mpaka mwalimu wa chumba jirani akachungulia mlangoni kuona kama mbwa wameingia masomoni.

Mama yake tulikutana naye sokoni siku chache baadaye. Alisema mtoto sasa anaomba asimuliwe juu ya kijiji kila jioni, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameacha kusimulia kwa sababu ya uchungu. “Sasa ninasimulia,” alisema. “Tunaanza kwa imbwa.”

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Kwenu, jogoo na mbwa wanaigwa namna gani? Kila mama aige, na wengine wasikilize bila kusahihisha.

2. Ni lugha gani tuliyoisikia tukiwa watoto ambayo watoto wetu hawaisikii tena nyumbani? Iliachwa lini, na kwa sababu gani?

3. Je, kuko mtoto katika kartie yetu ambaye anachekwa kwa namna anavyosema? Nani kati yetu atakwenda kumsikiliza juma hili?

Mbakie na amani, na mtuletee sauti za kwenu. Tutazisoma katika mkutano ujao.